Fremu Zikishuka, Pima Kabla ya Kununua Kadi

"Gemu inakwama, nitafutie kadi ya michoro kubwa zaidi." Ombi hili nimelichoka. Nikiuliza kadi iliyopo inafanya kazi kwa asilimia ngapi wakati wa kukwama, kimya.

Dhana: Fremu (picha za gemu kila sekunde) zikishuka, kadi ya michoro, inayozichora, imezidiwa.
Labda. Washa MSI Afterburner, programu ya kupima kadi, weka takwimu pembeni mwa skrini, kisha cheza hadi pale panapokwama. Kadi ikisoma asilimia 97 au 99, kweli imefika mwisho wake. Ikisoma 60, na hujaweka kikomo cha fremu, basi inasubiri kazi, na mara nyingi anayechelewesha ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Kadi kubwa itasubiri vilevile, ila kwa gharama zaidi.

Hapo najibiwa, "Mbona prosesa iko asilimia 30 tu?" Hiyo ni wastani wa viini vyote, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja kivyake! Kati ya viini vinane, kimoja kinaweza kujaa pomoni huku jumla ikionekana ndogo, na gemu nyingi hubebesha kiini kimoja kazi nzito. Huamini? Shusha rezolusheni, yaani wingi wa nukta za picha, hadi 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyobana. Zikibaki palepale, rudisha pochi mfukoni.

Na gemu inayoanza vizuri ikaharibika baada ya nusu saa, tazama joto kwanza. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 95 au 100 hujipunguzia kasi zisiungue. Safisha vumbi kwenye feni. Ndiyo, leo.

Dhana: RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) zaidi, fremu zaidi.
Kama iliyopo haijai, hapana. Ila kijiti kimoja cha RAM kikiwa peke yake huibana prosesa. Viwili vinavyolingana hufungua njia mbili za data. Ukishaviweka, washa XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, kwenye BIOS, menyu ya kompyuta kabla ya Windows kuwaka.

Dhana: SSD (diski ya kasi) huongeza fremu.
Kazi yake kubwa ni kufupisha kusubiri gemu ifunguke.

Dhana: Wastani wa fremu 60 kwa sekunde unatosha.
Kwa fremu 60, kila moja huchukua milisekunde 16.7. Moja ikichukua 100, jicho linaona, wastani hautikisiki. Soma grafu ya muda wa fremu. Mikwamo ikija ukigusa ubora wa juu wa tekscha (picha zinazofunika vitu vya gemu), huenda kumbukumbu ya kadi imejaa. Punguza tekscha pekee.

Kabla ya yote hayo, chungulia nyuma ya kompyuta: waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, inavyotakiwa, au kwenye ubao mama? Na laptopu, iko kwenye chaji?