Ufadhili wa michezo Marekani: wanachodhani wengi Tanga na kanuni zinavyosema

"Mbio zikiwa nzuri, masomo kocha atayamaliza."

Hii ndiyo inayowaangusha wengi, na inauma kuona kijana hodari wa Mkwakwani akikwamia hapo. Kocha wa chuo anaweza kumtaka mno, lakini anayeamua ustahiki ni NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na kocha hana mamlaka ya kumpitisha. Ili kucheza daraja la kwanza (si divisheni wani ya NECTA, hiki ni kiwango cha mashindano ya vyuo), anatakiwa kuwa na masomo ya msingi 16: Kiingereza miaka 4, hisabati 3, sayansi 2, maarifa ya jamii 2, mwaka 1 zaidi wa Kiingereza, hisabati au sayansi, na 4 ya nyongeza, ambayo yanaweza kuwa hayohayo au lugha ya kigeni. Wastani usipungue 2.3 kwa kipimo cha 4.0. Elimu ya viungo na masomo ya ufundi hayahesabiwi, kwa hiyo anayesoma Tanga Ufundi ahesabu masomo yake mapema.

Rekodi zinazotakiwa huanzia mwaka wa 9 wa shule. Kwa aliyesoma msingi miaka 7, huo ni kidato cha pili. Mzazi, tunza ripoti ya kila muhula yenye sahihi na muhuri wa shule. Kuzisaka miaka minne baadaye ni kazi ngumu.

"Nikifeli nitarudia mtihani."

Kwa NECTA, sawa. Kwa daraja la kwanza la NCAA, masomo hayo yanapaswa kukamilika ndani ya muda wa kawaida wa shule. Aliyehitimu kwa wakati huruhusiwa kuongeza somo 1 tu, ndani ya mwaka mmoja.

"SAT imefutwa kabisa."

SAT ni mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani; NCAA iliacha kuidai Januari 2023. Chuo chenyewe bado kinaweza kuitaka, hivyo ulizeni ofisi ya udahili, msimuulize kocha peke yake.

"Akishapata nafasi, yamekwisha."

Daraja la kwanza linamtaka afaulu angalau yuniti 6 kila muhula, na kabla ya kuanza mwaka wa tatu awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake. Akipungukiwa, haingii mashindanoni hata kama ndiye mwenye kasi kuliko wote.

"Daraja la tatu hutoa ufadhili mdogo wa michezo."

Halitoi kabisa. Msaada wa huko hutegemea ufaulu au kipato cha familia, na huombwa kupitia chuo.