Vijana wakisusia, uchaguzi wa Kenya haufutwi
Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp: eti zaidi ya nusu ya waliojiandikisha wasipopiga kura, uchaguzi wa rais Kenya unabatilika, kwa hiyo vijana wakae nyumbani. Si kweli. Fungua Katiba ya 2010, Ibara ya 138(4): mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Watu huchanganya kura zilizopigwa na wapigakura waliosajiliwa. Kwenye uchaguzi wa marudio wa rais wa Oktoba 2017 walijitokeza asilimia 39 hivi ya waliosajiliwa, na matokeo yakasimama.

Hasira ya vijana ina sababu, ila kususia kunamrahisishia mshindi: kura zikiwa 100 anahitaji 51; zikiwa 40, 21 zinamtosha. Usiusambaze ujumbe huo. Aliyekutumia mrudishie ibara yenyewe.