Kufunga Kasumbalesa si sawa na kufungua kiwanda

Hapa Lubumbashi tumezoea kusikia juu ya Kasumbalesa, mpaka ambapo bidhaa za Zambia huingia Kongo: "Wafunge Kasumbalesa, vijana watapata kazi." Si uongo mtupu, kiwanda kichanga kinaweza kunufaika na ulinzi wa muda. Lakini tukumbuke 2024. Kongo ilizuia bia na soda kutoka Zambia, maandamano yakazuka mpakani, na mwezi wa Agosti Zambia nayo ikafunga mpaka kwa siku chache. Malori yakakwama.

Kazi inayolindwa huonekana kwenye geti la kiwanda. Inayopotea imetawanyika: mpakuzi, dereva, mama mwenye kiduka. Tena viwanda vyetu vinakwamishwa zaidi na umeme unaokatika (nani hapa hajui?). Na mwenye kinu cha unga wa bukari (ugali) akikosa mahindi ya Zambia, mashine yake inalala.