Msumeno wa meza umegoma: utengenezwe au ununuliwe mwingine?

Msumeno wa meza ukigoma, wengi hukimbilia mota, na mota ikiwa imeungua wanaihesabu mashine kuwa imekufa. Mimi naanza kwingine. Mota inasukwa waya upya, beringi inabadilishwa, swichi utaipata Ngamiani, Tanga. Kibebeo cha shafti inayozungusha bledi kikipasuka, au meza yenyewe, hapo ndipo penye kufa. Kagua mifupa kwanza.

Chomoa plagi ukutani, usitegemee swichi peke yake. Toa bledi, laza mashine ubavu, kisha utazame kile kibebeo kinachopanda na kushuka unapozungusha mkono wa mashine. Kwenye mashine ndogo za kubebeka huwa ni aluminiamu ya kumimina. Safisha vumbi la mbao kwa brashi, halafu pitisha kucha kwenye kona na pembeni mwa matundu ya bolti, kwa sababu ufa mwembamba hushika kucha kabla jicho halijauona. Nikikuta ufa hapo sitengenezi. Aluminiamu inachomeleka, lakini joto huipinda, na kibebeo kikipinda bledi haikai tena sambamba na mwongozo, ule upau ambao mbao huegemea inaposukumwa. Mbao inabanwa kwa nyuma, inarushwa kwa nguvu kwa yule anayeisukuma.

Kutu juu ya meza isikutishe. Huku pwani, masika yakiingia, chuma cha kumimina hushika kutu haraka kikiachwa bila mafuta. Msasa wa 220 na mafuta kidogo, kisha wa 400, halafu paka nta, meza inarudi.

Sasa shika ncha ya shafti, uisukume juu na chini. Ikicheza, au ikizunguka kama imetiwa mchanga, beringi imekwisha. Namba yake imechorwa ubavuni: 6203, kwa mfano, ina tundu la mm 17, kipenyo cha nje mm 40 na unene mm 12. Chukua yenye 2RS mwishoni, yaani iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili, maana vumbi la mbao huimaliza upesi ile ya wazi. Gharama yake ni ndogo. Tabu huanza pale beringi ilipokuwa inazunguka na pete yake ya nje, ikala nyumba yake hata mpya inaingia na kuchezacheza. Kwenye chuma kizito fundi kereza atatanua tundu na kutia bushi, yaani pete ya chuma ya kuziba nafasi, na kazi inalipa. Kwenye aluminiamu nyembamba hana nyama ya kukereza.

Ukirudisha bledi, pima usambamba ukiwa bado umechomoa plagi. Tia alama jino moja. Funga kijiti kwenye kile kipimapembe kinachoteleza kwenye mfereji wa meza, kiguse jino hilo likiwa mbele, kisha zungusha bledi kwa mkono jino lije nyuma na usogeze kijiti hadi hapo. Karatasi ya kawaida ya A4 ina unene wa karibu mm 0.1. Ikiwa nafasi nyuma inapitisha zaidi ya karatasi moja, au jino linakwaruza kijiti, legeza bolti za kibebeo urekebishe. Huo si ugonjwa wa kununua mashine mpya.

Kwa mota, jua kwanza ni ya aina gani. Ile yenye mlio mkali hutumia kaboni, vipande viwili vinavyogusa pete ya shaba inayozunguka, na zikibaki chini ya mm 6 badilisha zote mbili kwa pamoja. Cheche ndogo chini ya kaboni ni kawaida. Moto unaozunguka pete yote ya shaba mara nyingi maana yake waya za rota, sehemu ya mota inayozunguka, zimegusana, na rota mpya ya mashine ya bei nafuu mara nyingi hailipi. Mota nzito ya mkanda ikinguruma bila kuanza, shuku kapasita, kile kikopo kinachoisaidia kuanza. Hiyo hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa, hivyo imalize kwa balbu ya zamani ya waya kabla ya kuigusa. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile, na volti zisipungue. Pakinuka vanishi iliyoungua, mota ya mkanda naipeleka ikasukwe bila kusita.

Lakini usiirudishe kazini kabla ya kujua kilichoiunguza. Mashine ya wati 1,800 kwenye volti 230 hula karibu ampea 8, na wakati wa kuanza hula mara kadhaa ya hapo. Waya mrefu wa kuongezea wa mm² 0.75 huifikishia umeme dhaifu, basi tumia wa mm² 2.5. Na bledi butu nayo huunguza mota. Mtiki, kama ule wa Longuza kule Muheza, una silika inayokula makali.

Kwangu mimi, matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine ya aina hiyohiyo, nanunua nyingine. Nanunua pia, hata kama matengenezo ni rahisi, pale kile kisu cha nyuma ya bledi kinachozuia mbao kubana hakipo na hakuna pa kukifunga.

Ukinunua mtumba, soma kibao cha mota kabla ya kutoa pesa. Ya Marekani ya volti 120 na hezi 60 itataka transfoma, na ikiwa ni ya mkanda itazunguka polepole kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Pima na tundu la bledi: nyingi za kwao ni mm 15.9, za Ulaya mm 30.