Vumbi la Mawe Kwenye Mapafu: Maswali na Majibu kwa Wachimbaji, Wapondaji Kokoto na Familia Zao

Silikosisi ni ugonjwa gani?

Ni makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, zege na miamba mingi. Chembe zinazodhuru hazifiki mikromita 5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unene wa unywele ni kama mikromita 70, kwa hiyo pua na koo hazizikamati. Zikifika kwenye vifuko vya hewa, seli za ulinzi huzimeza. Silika huiua seli iliyoimeza, kisha chembe hutoka ikiwa nzima na kumezwa na seli nyingine, nayo ikafa. Kila mzunguko huacha uvimbe kidogo na kovu kidogo. Ndiyo maana ugonjwa huendelea hata kwa mtu aliyeacha machimbo zamani, na hakuna dawa ya kuyaondoa makovu hayo.

Vumbi likishatulia, si salama kurudi ndani?

Lililotulia ni lile zito unaloliona. Lile laini hubaki likielea kwa muda mrefu, hasa kwenye duara (shimo la kuchimbia madini) lisilo na feni baada ya baruti kulipuka. Kikomo kilichowekwa Marekani mwaka 2016 ni miligramu 0.05 za silika laini kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Mtu anayefanya kazi huvuta takriban mita za ujazo 10 kwa zamu, maana yake nusu miligramu ya silika kwa siku nzima. Hicho ni kiasi kidogo sana. Watafiti waliopima hewa katika machimbo madogo ya tanzanite ya Mererani, Tanzania, ambako miamba ilikuwa ikitobolewa pakavu, walikuta silika iliyopita kabisa viwango vya usalama.

Inachukua miaka mingapi mtu kuugua?

Aina ya kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi. Vumbi likiwa zito, miaka 5 hadi 10 inatosha. Likiwa zito kupindukia, ni miezi tu. Mwaka 1930 na 1931, vibarua waliotoboa handaki la Hawks Nest, West Virginia, Marekani, kwenye mwamba uliojaa silika na bila maji, walikufa kwa mamia. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi waliofuata kazi kutoka majimbo ya kusini.

Nimetibiwa kifua kikuu mara mbili na bado nakohoa. Kwa nini?

Swali hili lina majibu mawili, na yote yanaweza kuwa kweli kwa mgonjwa mmoja.

La kwanza, huenda hukuwa na TB. Madoa ya silikosisi hukaa sehemu ya juu ya mapafu, palepale TB inapopenda kukaa. Mtoa huduma asiyeuliza kazi yako ataona kikohozi, kukonda na picha ya eksirei yenye madoa, atakuanzishia dawa. Kama makohozi yalipimwa kwa GeneXpert (mashine ya kutambua vimelea vya TB) zaidi ya mara moja na vimelea havikuonekana, omba picha yako isomwe upya na daktari anayejua magonjwa ya vumbi, na upimwe nguvu ya pumzi kwa kupuliza kwenye spirometa.

La pili, huenda una vyote viwili. Seli zinazouawa na silika ndizo zilizopaswa kupambana na vimelea vya TB, kwa hiyo mwenye silikosisi hupata TB mara kadhaa zaidi ya mtu mwingine. Utafiti kwa wachimbaji wa dhahabu Afrika Kusini ulionyesha kwamba akiwa pia na VVU, hatari hizo huzidishana badala ya kujumlishwa tu. Kwa wagonjwa wa namna hii, mara nyingi madaktari hurefusha dozi kupita miezi 6 ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linashauri mwenye silikosisi apimwe maambukizi ya TB yaliyojificha na apewe dawa za kinga akikutwa nayo.

Kwa hiyo ukifika kliniki, taja kazi kabla ya kutaja kikohozi: umetoboa, umepasua au umesaga nini, wapi, kuanzia mwaka gani hadi upi.

Maziwa husafisha vumbi kifuani?

Hapana. Maziwa huenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu.

Nini basi kinachozuia?

Maji, tena yamwagwe palepale ncha ya tindo inapogusa mwamba. Kumwagia sakafu asubuhi halafu kutoboa pakavu mchana ni kazi bure. Kwenye karasha (mashine ya kuponda mawe), nyunyiza mawe kabla hayajaingia. Baada ya kulipua, acha feni itoe hewa kwanza. Usifagie pakavu, na usijipulizie kompresa kutoa vumbi kwenye nguo. Tabia hiyo hurudisha vumbi laini usawa wa pua. Badilisha nguo kabla ya kwenda nyumbani, watoto wasije wakalivuta.

Barakoa ni ya mwisho. Ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii chembe hizi. N95 au FFP2, barakoa zilizotengenezwa kuchuja chembe ndogo, huzuia ikiwa tu imebana uso pande zote: ndevu huacha mwanya, na ikishalowa jasho au kuziba, itupwe. Kwa mtoboaji wa chini ya ardhi hata hiyo haitoshi bila maji. Anayeuza barakoa kama suluhisho kamili anauza barakoa tu.

Mgonjwa akifariki, kuna haja gani ya kujua chanzo?

Haja ipo, kwa sababu kifo kilichoandikwa "TB" hakihesabiki kuwa kifo cha kazi. Afrika Kusini, sheria inaruhusu mapafu na moyo wa mchimbaji aliyefariki vichunguzwe, familia ikiridhia, hata kama alikufa kwa sababu nyingine. Uchunguzi huo ulionyesha kuwa kati ya 1975 na 2007, wachimba dhahabu weusi waliokutwa na silikosisi walipanda kutoka 3% hadi 32%.

Tanzania, aliyeajiriwa hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ugonjwa ukithibitika kuwa wa kazi. Mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, asiye na mkataba ana njia nyembamba zaidi, maana hana karatasi. Kwa hiyo mgonjwa angali hai, andikeni jina la machimbo, miaka, kazi aliyofanya, kama maji yalitumika, na majina ya wenzake wawili walioshuhudia. Tunzeni na filamu za eksirei. Majibu ya maneno peke yake hayatoshi kusomwa upya.