Vyuma, ugali na mizani ya mtaani: dhana potofu za kupunguza uzito

“Kimbia kwanza upungue, vyuma utaanza baadaye”

Wakimbiaji wa alfajiri wa Capri Point, hapa Mwanza, wengi wao wanatafuta kupungua, na wengi wanaamini kuwa vyuma ni vya mtu ambaye tayari amepungua. Hapo wamegeuza mambo. Mwili ukipata chakula pungufu huchukua nishati kwenye mafuta, lakini huchukua pia kwenye misuli. Anayekula kidogo na kukimbia tu hupoteza vyote viwili, ndiyo maana baada ya miezi mitatu mtu anakuwa amepungua kilo lakini kitambi bado kipo na nguvu hana. Mazoezi ya nguvu, yakiambatana na protini ya kutosha, huifanya misuli ibaki ili kinachotoka kiwe mafuta zaidi. Tena anayeanza ana bahati ambayo mzoefu hana: anaweza kupunguza mafuta na kuongeza misuli katika kipindi hicho hicho.

Ila tusivipe vyuma sifa zisizo zake. Dakika 45 za kunyanyua, pamoja na mapumziko, humgharimu mtu wa kilo 80 kalori 200 hadi 300 hivi. Chapati moja ya mgahawani, ile yenye mafuta ya kutosha, inazirudisha zote. Na yale maneno kwamba misuli “itaunguza mafuta hata ukiwa umelala” yametiwa chumvi: kilo nzima ya misuli iliyotulia hutumia kalori 13 hivi kwa siku. Idadi ya kilo zitakazotoka inaamuliwa na sahani. Vyuma vinaamua zitoke wapi.

“Nimeanza vyuma, nimeongezeka kilo mbili. Vinaninenepesha”

Hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, na huwapata ndani ya wiki tatu za mwanzo. Misuli iliyoanza kufanyishwa kazi huweka akiba kubwa zaidi ya wanga, yaani glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Juu ya hapo, misuli iliyochoka huvimba kidogo inapojikarabati. Kilo moja au mbili za maji hupatikana hivyo bila gramu moja ya mafuta kuongezeka.

Piga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi. Ili uiongeze ndani ya wiki moja lazima ule kalori 1,100 zaidi ya mahitaji yako kila siku. Kama hukula hivyo, yale si mafuta.

Tatizo jingine ni mizani yenyewe. Kupima kwa vijana wa mizani wa mjini ni sawa, lakini ukipima leo saa nne asubuhi ukiwa na ndala, na wiki ijayo saa tisa alasiri ukiwa na jinzi, viatu na chakula cha mchana tumboni, tofauti ya kilo moja na nusu haina maana yoyote. Dagaa wenye chumvi nyingi usiku huongeza maji asubuhi yake, na siku za kabla ya hedhi vilevile. Kama una mizani nyumbani, pima kila asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, kisha jumlisha siku 7, ugawe kwa 7. Linganisha wastani na wastani. Kama huna, futi ya fundi cherehani inatosha: izungushe usawa wa kitovu, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, andika. Rudia kila baada ya wiki mbili.

Kupungua kwa nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito kwa wiki kunatosha. Kwa mtu wa kilo 80 ni gramu 400 hadi 800. Wiki nne zikipita bila wastani wala kiuno kushuka, punguza kalori nyingine 200 kwa siku. Ukienda kwa pupa utaiona dalili mazoezini: mzigo ulioufanya mara 12 wiki iliyopita, leo unakushinda mara ya 8.

“Kitambi kinatolewa na mazoezi ya tumbo” na “jasho ndiyo mafuta yanayeyuka”

Hakuna zoezi linalochagua mafuta yatoke wapi. Kujikunja chali mara 200 kunaimarisha misuli iliyo chini ya kitambi. Kitambi kinabaki juu yake. Ama kukimbia umevaa koti na nailoni, unachopoteza ni maji, na glasi tatu zinarudisha kila kitu. Kwa joto la Mwanza mchana, unaweza kuanguka kabla hujapungua chochote.

“Acha ugali”

Ugali haunenepeshi kwa kuwa ni ugali. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi, na wa muhogo haupishani sana. Tofauti iko kwenye protini: mahindi yana gramu 7 hadi 9, muhogo gramu 1 au 2 tu. Kwa hiyo anayekula ugali wa udaga, yaani wa muhogo, anahitaji mboga nzito kuliko wa dona. Kinachofaa ni kupima unga kabla haujaingia sufuriani. Mtu aliyezoea gramu 250 akishuka hadi 170 ameokoa kalori karibu 290, na bado amekula ugali wake.

Wanaoacha ugali mara nyingi huufidia kwa vitu wasivyovihesabu. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Soda moja ya chupa ni zaidi ya 120. Matobolwa yanayotafunwa na chai ni viazi vilivyopoteza maji, kwa hiyo kwa uzito uleule yana kalori zaidi ya mara tatu ya viazi vya kuchemsha. Na mapanki ya kukaanga (mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa), kwa utamu wake wote, ni nyama kidogo na mafuta mengi.

Kwenye protini, watu wa ziwani hawana kisingizio. Lengo zuri ni gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 80 ni 96 hadi 128. Mayai mawili (12), nyama ya sato gramu 200 bila miiba (50), dagaa wakavu gramu 40 (24), kikombe cha maharage yaliyopikwa (15) na nusu lita ya maziwa (16): jumla 117, bila poda ya kopo. Sato achemshwe au achomwe.

“Bila jimu huwezi”

Dumu linatosha, tena lina faida ambayo chuma hakina: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unaongeza mzigo kidogo kidogo. Kasoro yake ni kwamba dumu lisilojaa hucheza, maji yanakimbilia upande mmoja na kukuvuta bega. Tumia mchanga mkavu ulioshindiliwa, kisha upime kwenye mizani ya muuza nafaka. Mpini ufunge mpira wa tairi la baiskeli usikukate vidole.

Wanaojitengenezea vyuma kwa kumwaga zege kwenye makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba wajue kopo la lita 4 hutoa kilo 9 hadi 10, na kwamba bomba laini huzunguka ndani ya zege. Pitisha nondo fupi kwa kukingama kwenye bomba kabla ya kumwaga, na ulimwagilie zege maji kwa siku 7.

Siku tatu kwa wiki zinatosha: kuchuchumaa na dumu kifuani, kunyanyua dumu kutoka chini, pushapu (anza ukutani au mezani), kuvuta dumu kwa mkono mmoja ukiwa umeinama, na kutembea na madumu mawili. Kila zoezi seti 3 za marudio 8 hadi 12, pumziko dakika 2, ukiacha marudio mawili ambayo bado ungeyaweza. Ukifikisha 12 kwenye seti zote, ongeza mzigo. Kwenye kunyanyua, makalio yaende nyuma na mgongo ubaki umenyooka. Wengi huinama kama wanavuta maji kisimani na kiuno ndicho kinacholipa. Toa pumzi wakati wa kunyanyua, hasa mwenye presha, maana kubana pumzi huipandisha ghafla.

“Nitakuwa na mwili wa kiume”, “nisipoumia sijafanya kitu”

Wanawake wana testosteroni kidogo mno kulinganisha na wanaume. Misuli mikubwa haiji kwa bahati mbaya. Maumivu ya siku ya pili au ya tatu yanatokana na ugeni wa zoezi, hayapimi ubora wake, na yakipungua hujarudi nyuma. Maumivu makali ya kiungo ni jambo jingine: acha zoezi hilo.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amwone daktari kabla ya kupunguza chakula. Dozi iliyolingana na ugali wa jana inaweza kushusha sukari kupita kiasi leo, hasa baada ya mazoezi. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, aweke dumu chini na anywe kitu chenye sukari papo hapo.