Mvua ya Dar es Salaam haijazi Mtera

Kila masika wakazi wengi wa Dar es Salaam huuliza: Jangwani kumefurika, mabwawa ya umeme yatakosaje maji? Swali ni la haki, lakini mvua ya Jangwani huishia baharini kupitia Mto Msimbazi. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, hutegemea Ruaha Mkuu na mito inayoulisha, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, takribani Novemba hadi Aprili.

Kwa hiyo waendeshaji hulenga kulijaza msimu huo, ukomo ukiwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, kisha wakati wa kiangazi huachia maji kwa kipimo, kwa kuwa kiwango cha chini kinachoruhusiwa kuzalishia umeme ni mita 690. Maji hayo, na hili husahaulika mno, huzalisha umeme zaidi ya mara moja: Mtera kwenyewe, kisha Kidatu, mbele zaidi kwenye mto huohuo, penye mitambo ya megawati 204. Hata Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, hulishwa na mito ya mbali, hasa Kilombero. Umeme ukikatika mtaani mvua ikinyesha, aghalabu ni mti ulioangukia nyaya au transfoma iliyoharibika.